Maji ya Kalokol

Lodwar, Jumanne.

Eti samaki wangu wa baharini, wa kwenye tangi la kioo, ni wa watoto! Bosi wangu, Barasa, amesema hivyo leo mbele ya ofisi nzima, wakacheka.

Ndiyo, naanza na wawili wadogo wagumu kufa, na matumbawe laini yanayofanana na uyoga, kwa sababu yanavumilia makosa ya anayejifunza. Yeye, kwa tangi lake, ameagiza Mombasa wale wa bei ghali, wanaotaka maji safi kabisa ya bahari.

Jioni nimemkuta nje ya ofisi akishusha mitungi ya maji ya ziwa kutoka Kalokol. "Onja, madam. Chumvi ni chumvi."

Lakini ile ya ziwa ni magadi, si chumvi ya bahari. Samaki wake watakufa, nao hawajanikosea. Hilo linaniuma.

Hata hivyo nikamshikia mlango apitishe mitungi.