Kokwa Mbili za Parachichi

Jumatatu, 7 Julai
Kokwa nne leo. Mbili nimezipaka nyeusi, ndizo kaboni. Mbili nyekundu, oksijeni. Haidrojeni zitakuwa buni kavu. Mwalimu Neema wa sekondari anataka modeli za molekuli kabla shule hazijafunguliwa; maabara yake haina kitu. Nimestaafu kufundisha kemia, lakini kazi hii bado naipenda.
Hapa Masama, mlimani, baridi kali. Ukungu tangu Ijumaa.

Jumatano, 9 Julai
Nimeziba nyufa za dirisha kwa magazeti na majani makavu ya mgomba. Mke wangu Ndeshi ameingiza jiko la mkaa chumbani. Nikamwambia mkaa una gesi. Akacheka.
"Mkaa umeshika vizuri, moshi uko wapi? Nyumba ya mama ilikuwa na moto usiku kucha, na ng'ombe humo humo. Nani alikufa, Baba Aikande?"
Kweli. Hata kwa mama yangu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, moto ulikuwa katikati ya nyumba. Nilikimbia kwetu nikiwa na miaka ishirini. Sijauona tena moto ule.
Nikaliacha jiko. Chumba kina joto.

Ijumaa, 11 Julai
Kichwa kinauma. Ndeshi naye, pamoja na kichefuchefu. Tumeulaumu mtori wa jana, ile supu ya ndizi.
Maji tayari, methani tayari. Modeli zote zinadanganya. Atomi haina rangi. Vijiti vya kuziunganisha havipo. Elektroni si shanga, ni wingu. Modeli ni ramani tu. Ya kwetu ninayo ukutani. Haina harufu ya ziwa.

Jumapili, 13 Julai
Kanisani kichwa kilitulia kabisa. Saa moja tu nyumbani, kimerudi. Ndeshi amelala mchana, jambo asilofanya kamwe. Paka naye hataki kutoka kando ya jiko.
Sipendi hali hii.
Nimeunda kaboni monoksaidi. Kokwa nyeusi moja, nyekundu moja. Rahisi kuliko zote.

Jumatatu, 14 Julai
Hospitali, mjini. Naandika kwenye benchi.
Asubuhi paka alikuwa amekufa, mkavu kama ubao. Nikaitazama meza. Kokwa mbili. Ndipo nikajua.
Ndeshi hakuitika. Nilimburuta hadi barazani. Majirani walitupakia kwenye gari la maziwa. Sasa anapumua oksijeni kwa mashine. Hajafumbua macho.
Nimeifundisha gesi hii miaka thelathini. Hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na haiachii upesi. Haina rangi, haina harufu. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa ya nyasi, ilipumua. Hii ni ya matofali na dari, na nyufa nimeziziba mimi.
Mimi.

Jumamosi, 19 Julai
Ndeshi yuko nyumbani. Jiko liko nje. Magazeti nimeyachoma.
Nilimwonyesha zile kokwa mbili. Akazigeuza mkononi. "Ingekuwa na rangi hizi, si ningeiona?"
Neema alikuja kuchukua boksi la modeli. Alisema shikamoo mara mbili, mara ya kwanza sikumsikia. Modeli ya kokwa mbili nimebaki nayo.
Jioni Ndeshi amemimina maziwa kwenye kisahani, akasimama mlangoni kumwita paka. Tumeshamwambia mara tatu kuwa paka amekufa. Leo sikumwambia. Nimefungua na dirisha la pili, nikakaa na koti langu, nikimsikiliza akiita.