Jumamosi Sichumi Chai

Mjukuu wangu Kemunto,

Ng'ombe wetu hapa Silibwet amezaa ndama jike, na wote ni wazima. Mama yako amesema leo kwamba meneja wako anataka ufanye kazi siku ya Sabato na utampa jibu Jumatatu, nawe unauliza nilijuaje kwamba Mungu angenitetea.

Sikujua. Nilikuwa mchumaji chai Kericho, na majani yalipozidi, nyapara aliamuru tuchume hata Jumamosi, siku yetu ya Sabato. Asiyechuma angetolewa kwenye nyumba ya kampuni.

"Mama Sabato, Mungu wako atakujengea nyumba?" nyapara akauliza nilipokataa. Wenzangu wakacheka.

"Hajaniambia," nikasema. "Lakini Jumamosi sichumi."

Ijumaa kabla ya jua kutua nilifunga godoro kwa kamba. Kesho yake nilienda kanisani, na sitakudanganya, mahubiri sikuyasikia.

Jumapili asubuhi nyapara akabisha. Nikabeba godoro.

"Weka chini," akasema. "Wenzako wote wameenda kanisani na majani yanakomaa. Chukua kikapu."

Mwaka uliofuata, chini ya nyapara mwingine, nilitolewa kweli. Sabato hiyo pia nilikuwa kanisani.

Jumatatu saa mbili asubuhi, ukiingia kwa meneja, nitakuwa nimepiga magoti.

Nyanya yako