Kijiko cha Utepe wa Buluu

Yerusalemu, Jumatatu

Bibi Tsila mpenzi,

Bado nausikia mkwaruzo wa balbu ulipoifungua ndani ya friji yako Ijumaa ile, ili siku ya Shabati nifungue mlango bila kuvunja amri ya kutowasha taa. Hakuna aliyekuomba. "Nalitoa jicho," ulisema, "lisije likakusengenya kwa Mungu wako." Nawe hujapata kuishika Shabati maishani! Hata vijiko ulininunulia vipya, cha utepe mwekundu cha nyama, cha buluu cha maziwa, ili nyama na maziwa visikutane, kama dini yangu inavyoagiza.

Kisha ukasahau, ukakoroga supu ya kuku kwa kile cha buluu. Nikaisukuma sahani.

"Haya, kawape paka wa Yerusalemu," ulisema, ukaimimina supu kwenye chupa na kunipa. Ulicheka, Bibi, lakini tangu siku hiyo hujaniita tena mezani kwako.

Sikuweza kuimwaga. Niliigandisha. Jana nilimweleza rabi, naye akauliza jambo moja tu: "Kijiko hicho kimewahi kugusa maziwa?"

Nikamwambia hapana. Kilikuwa kipya, na wewe chai yako ni ya rangi siku zote.

"Basi ni cha maziwa kwa jina tu," alisema. "Binti, nenda ukale supu ya bibi yako."

Asante kwa balbu, Bibi. Asante kwa tepe. Supu nimeimaliza leo mchana, pamoja na karoti nisizozipenda. Chupa nakuletea Ijumaa; tiketi ya basi nimeshakata.

Mjukuu wako mwenye njaa,
Yiska