Bega la Kumtoa Hamisi Jandoni

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na mama je? Kifua chake kimetulia, au bado anakataa dawa mpaka abembelezwe? Mimi nipo, ila mzima siwezi kusema. Naandika kwa sababu simu imenishinda. Kila nikianza kukueleza, mwanao Hamisi anakunyang'anya, anauliza, "Mjomba, unakuja lini?" Namwambia karibu. Nikikata nalia.

Dada, mgongo umekwisha. Nilikuficha tangu masika ya mwaka jana. Sisi wachukuzi wa Kariakoo mtu hajitwishi robota la mitumba peke yake, wenzako wawili ndio wanakutwika. Ukishasema mgongo unauma, kesho hakuna wa kukutwika, wanaogopa utawaangukia. Basi nikawa nafunga kitenge kiunoni ndani ya shati, nameza dawa, nanyamaza.

Ndipo nikasikia habari za seli. Kuna mtu ana chumba ghorofani nyuma ya Msimbazi, anasema ana sindano ya seli hai, ukichomwa mgongo unajijenga upya. Nikachomwa. Kesho yake niliinama nikafunga kamba za viatu bila kushika ukuta. Furaha ikanipanda kichwani. Nikasema ngoja nijipime, maana Hamisi ninayepaswa kumbeba si mtoto mchanga tena. Nikachagua robota zito kuliko yote, nikawaambia wenzangu nitwikeni. Hatua ya tatu mguu wa kushoto sikuusikia tena. Nikaenda chini, robota likaangukia pembeni. Wenzangu walinilaza kwenye mkokoteni wakanisukuma mpaka Upanga, hospitali.

Daktari ni binti mdogo ana adabu zake, kaniamkia kabla hajanigusa. Akanionyesha picha. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama mto. Mito yangu miwili ya chini imesinyaa, na mmoja umepasuka unabana mshipa wa mguu. Nikamwuliza za seli.

"Baba, seli zenyewe si uongo," akasema. "Nchi za nje wanazikuza maabara, wanazichoma ndani ya hiyo mito. Wengine wanapata nafuu, wengine hawapati. Bado wanajaribu, na hapa kwetu hatuna. Wewe nadhani ulichomwa dawa ya kuzima maumivu tu."

"Nitabeba tena?"

"Mizigo? Hapana, baba."

"Si mizigo. Mpwa wangu anaingia jando, na mwezi ujao anatoka."

Akaniangalia, akaweka kalamu chini. Akasema nikimbeba naweza nisitembee tena.

Somoe, pale ndipo nilipoumia kweli. Unajua kwetu mtoto anatoka amekaa begani kwa mjomba, kijiji kizima kimwone ana watu. Mimi marehemu mjomba alinibeba mpaka uwanjani, na sikuogopa kitu siku ile. Hamisi baba yake hayupo, mjomba wake mkubwa ni mimi. Miaka kumi na minane nimewabebea watu nisiowajua vitu vyao, leo wa kwangu mmoja nashindwa. Nimejidharau, dada. Hata kuja kutazama sitaweza, nikikaa nusu saa kwenye kiti mguu unawaka moto, na basi la huko ni kutwa nzima.

Mwambie mdogo wetu Issa ambebe. Atakataa, atasema si nafasi yake. Mwambie, "Kaka yako kasema."

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri. Salamu kwa mama mkubwa, kwa shemeji mke wa Issa, na kwa mzee ngariba, umwombe radhi kwa niaba yangu. Barua hii nampa Chande, yule jirani yetu wa zamani, anashuka huko kesho.

Na Hamisi mwambie ukweli, kwamba mjomba anaumwa hatakuja. Usimwambie nimechelewa njiani. Ukimwambia hivyo, atakataa bega la Issa, atasimama pale kuningoja.

Mdogo wako anayekupenda,
Salumu