Mshipa wa Baba Umekataa

Nakuru, Alhamisi, Agosti 2007

Hata sasa sijui niseme Baba ametibiwa ama hajatibiwa.

Daktari kule Nairobi alinieleza mara mbili. Mshipa wa moyo umejaa chokaa, umekuwa mgumu kama mfupa. Walipojaza kibaluni ndani yake ili waupanue na kuweka stenti, kile kijibomba cha kuushikilia wazi, mshipa ukapasuka. Wakawahi kupaziba, damu ikaacha kuvuja, halafu wakaishia hapo. Kule mbele bado umebana. "Tungelazimisha, tungempoteza," akasema.

Sasa nishukuru ama nikasirike?

Nimefika nyumbani jioni nikapata kina mama wa kanisa wamejaa sebuleni. Wamefunga tangu jana wakiombea hiyo operesheni. Mkate ulikuwa mezani, umefunikwa, unangoja neno langu.

"Wamemaliza?" Mama akaniuliza. "Tufungue?"

Nikaanza habari ya chokaa. Mmoja akasema ni haya maji yetu, si yanaharibu hata meno? Mama akarudia, polepole, "Lakini tufungue?"

Nikasema ndiyo, kuleni. Sijui kwa nini. Wakaimba, wakashukuru, wakala.

Nilipoenda kuosha vyombo, nikapata kikombe cha Mama bado kimejaa chai, na mkate wake haujaguswa.