Taa Inawaka, Nyuma Hakuna Mtu

Mama Ruth, shikamoo. Naomba unisaidie haraka, maana Jumamosi hii kuna mtu wa Bomang'ombe anakuja kuchukua pikapu yangu, na sijui kama namuuzia gari au namuuzia kitu kingine, na mke wangu Mektrida anasema nikimpa bila kumweleza nitakuwa nimefanya dhambi mara mbili, ila Mektrida mwenyewe hajui dhambi ya kwanza, anadhani ya kwanza ni kuogopa tu.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, naishi Mwika, Mkatoliki, nina watoto wanne, kazi yangu ni udereva. Gari nililipata mambo ya biashara yalipofunguliwa na kila mtu akaanza kuagiza magari yaliyotumika, ni pikapu ya Kijapani, nashusha ndizi na mbao za mgrivea Moshi mjini na kupandisha saruji. Mwenzangu kwenye kazi alikuwa Kalisti, rika langu, tulipokea komunyo ya kwanza siku moja na ndiye aliyesimamia ndoa yangu. Yeye alikaa nyuma na mzigo, mgongo ameuegemeza kwenye kichwa cha gari, na akitaka nisimame aligonga bati juu ya kichwa changu mara tatu, ko ko ko. Na Kalisti alikuwa mtu wa kugonga, Mama Ruth. Akimwona shangazi yake anagonga, akitaka parachichi anagonga, siku moja alinisimamisha njia panda na mzigo wote ule ili aniulize kama nimeuona mlima ulivyofunguka mawingu yalipoondoka.

Mwaka juzi mwezi wa saba, mvua za Elinino zimeshatuharibia barabara, tulishuka na mbao, kulikuwa na ukungu na manyunyu, na fundi wa mteja alikuwa akitungoja Mawenzi, kule mjini, tangu asubuhi. Tulipovuka daraja la mfereji tukaanza ule mteremko mrefu, Kalisti akagonga. Nikasema moyoni leo hapana, huyu ameona mtu. Akagonga tena, mara tatu vilevile. Nikaongeza sauti ya redio. Nimeandika hivyo na sitafuta, niliongeza redio, na hapohapo mama mmoja aliyebeba mzigo wa majani ya ng'ombe akatokea kwenye ukungu katikati ya barabara, nikakanyaga breki, na mbao zote zikaja mbele. Yule mama hakuguswa. Kalisti alifariki kabla hatujafika hospitali. Kamba ilikuwa imelegea, ndicho alichokuwa akiniambia.

Trafiki akaniuliza, "Hakukugongea?" Nikasema hakugonga, angegonga ningesimama. Akaniuliza kama alikuwa amekunywa, nikasema asubuhi alipita kwa mama yake akapewa mbege. Hilo lilikuwa kweli, kata moja tu ya pombe ya ndizi, hata midomo haikulowa vizuri, lakini nililisema kwa namna ambayo mpaka tunamzika ilishajulikana Mwika nzima kwamba Kalisti alilala kwa pombe, kamba ikalegea hakuona.

Sasa aliyempa ile kata ni mama yake, Mama Anyesi, ambaye mbege yake watu walikuwa wanaifuata kutoka mbali. Baada ya kumzika mwanawe pale kihambani kwake, kando ya mteremko ule, kwenye migomba, alilipindua pipa na hajapika tena. Kanisani anakaa benchi la mwisho na hapokei komunyo. Padri amemwambia hana dhambi, yeye anajibu, "Baba, nilimpa kwa mkono wangu." Mimi namletea sukari na chumvi, ndizi zake nazishusha sokoni bila yeye kuhangaika, na ananiambia, "Wewe ndiye mwanangu sasa." Nikitoka pale nashindwa hata kuingiza gia.

Basi nikatengeneza fremu. Nilinunua mabomba ya inchi moja na nusu na wavu mzito, nikampelekea Wenseslaus, fundi wa kuchomelea, akaniundia geti la chuma la kusimama nyuma ya kichwa cha gari, refu kupita kioo, limefungwa kwenye bodi kwa nati nne, ili mzigo ukija mbele ukutane na chuma. Nikalipaka rangi nyeusi. Nyaya nikafunga mwenyewe: taa mbili juu za kumulika tunapopakua, na chini yake, pale mkono wa mtu aliyeegemea unapofika, nikaweka kitufe cha kengele ya mlango. Kitufe kinawasha balbu nyekundu mbele yangu karibu na usukani, ili aliye nyuma akitaka nisimame abonyeze, asigonge. Sikutaka kusikia kugonga tena maishani mwangu.

Mwezi wa nne mwaka huu natoka Mwika gari likiwa tupu, nimevuka daraja la mfereji, balbu ikawaka mara tatu. Nikasimama, nikazunguka nyuma, hakuna mtu. Kesho yake nilipanda haikuwaka, niliposhuka ikawaka palepale. Nikabadilisha kitufe, ikawaka. Nikabadilisha balbu, ikawaka. Asubuhi moja ya ukungu nilisimama nikaitazama fremu vizuri, matone yameifunika yote, mabomba na wavu, isipokuwa sehemu moja katikati, upana wa mgongo wa mtu, ilikuwa kavu kabisa. Nikaweka kiganja pale nikakitoa haraka. Siwezi kukueleza kwa nini, hapakuwa pa moto wala pa baridi.

Nikakata waya kwa koleo na balbu nikaichomoa. Siku mbili zikapita kimya. Siku ya tatu, mteremko uleule, ko ko ko juu ya bati.

Ningevumilia hata hilo. Lakini wiki iliyopita nimempelekea Mama Anyesi sukari, macho yake siku hizi ni hafifu, masikio ni mazima kabisa, akaja mpaka kwenye uzio wa mimea ya masale akanishika mkono akasema, "Mwanangu, huyo unayembeba nyuma siku hizi, mbona anagonga sana mkipita hapa? Mbona humsimamishii?"

Nikamwambia, "Hakuna mtu mama, ni bati limelegea."

Akasema, "Bati haligongi tatu."

Mama Ruth, niuze? Niing'oe fremu niitupe korongoni? Nimwite padri abariki gari? Au nichukue jani la isale niende nikamwombe Mama Anyesi msamaha yaishe, maana kwetu hakuna anayelikataa isale? Nikimwambia ukweli namuua mara ya pili, na nitampoteza, na sina mama mwingine, wangu alishafariki. Tafadhali jina langu usilitoe.

Dereva, Mwika

MAMA RUTH ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina nimeyabadilisha, ingawa Mwika watakutambua kabla gazeti halijamaliza kukunjuliwa, na hilo halinisikitishi hata kidogo.

Tuanze na nyaya, kwa sababu hizo najua. Marehemu mume wangu alikuwa fundi umeme wa magari miaka ishirini na miwili, na aliyemshikia tochi chini ya magari ya watu ni mimi. Kwa ulivyofunga, umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye balbu, unaufuata waya mpaka kwenye kitufe, na kitufe kikibonyezwa unaingia kwenye chuma cha fremu, taa inawaka. Kwa hiyo waya huo ukichubuka ukagusa chuma popote njiani, taa itawaka bila kidole cha mtu. Hujaniambia kwamba ulitoboa bomba ukapitisha waya bila kuweka mpira kwenye tundu, lakini nakuona kabisa ukifanya hivyo. Tundu la chuma lina makali. Gari likiinama kwenye mteremko waya unasogea, unagusa, na barabara ile yenye makorongo ikikurusha mara tatu, taa itawaka mara tatu. Ukibadilisha kitufe na balbu ukauacha waya uleule, umemtibu mgonjwa wa tumbo kwa kumnyoa nywele.

Na hizo ko ko ko za baada ya kukata waya, nati zako nne nani alizikaza tangu mwezi wa nne? Fremu iliyolegea hupiga bati. Kuhusu pale palipokuwa pakavu, nyuma yake kuna kioo, na ndani ya kioo kuna dereva anayepumua na injini inayochemka. Huenda joto lilipita hapo. Nasema huenda.

Mume wangu angefunga mazungumzo hapo akadai soda yake. Mimi barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale kwenye uzio wa masale. Kwa nini mama huyo, akiwa ndani ya kihamba chake, anasikia anachokisikia na anahesabu idadi ileile, sijui. Sina fundi wa kumuuliza. Labda amejua siku nyingi, kwa sababu alimzaa Kalisti na anajua kabisa kwamba yule hakuwa mtu wa kunyamaza kamba ikilegea, na amekuwa akikungoja useme. Labda ni kingine. Nilipofika hapo nilifunga dirisha, nikajicheka, na sikulifungua tena.

Lakini sihitaji kujua anayegonga ni nani ili nikuambie la kufanya. Uliogopa, na uoga wa dakika ile nakuhurumia, kwa sababu rafiki yako alikuwa amelala mbele yako na trafiki ameshika kalamu. Nakuhurumia hata kwa ile redio. Hakuna dereva ambaye hajawahi kumpuuza aliye nyuma. Ila siku iliyofuata ulikuwa na mdomo, na wiki iliyofuata, na siku ya matanga ulipomwona mama wa watu analipindua pipa lake mbele yako. Ulinyamaza. Ukaenda ukanunua mabomba. Sukari unayompelekea ni sukari ya mtu anayeziba mdomo wake mwenyewe, na mwanamke huyo ameacha kupokea Mwili wa Bwana kwa sababu ya neno lako moja. Naona aibu kwa niaba yako, na nimekasirika, na nitabaki hivyo mpaka nisikie umekwenda.

Unasema ukimwambia utamuua mara ya pili. Mwanangu, anayekufa kila Jumapili kwenye benchi la mwisho ni nani? Mama huyo anaamini alimuua mtoto wake. Wewe una dawa mfukoni na unaogopa ni chungu.

Barua yako nimeipata Jumatatu na gazeti linatoka leo Alhamisi, hivyo una siku mbili. Leo mweleze Mektrida yote, pamoja na redio. Atalia, na huenda akalala na watoto. Mwache.

Kesho nenda kwa Mama Anyesi mchana, kwa miguu. Gari liache nyumbani. Sukari usibebe. Na isale usichukue, nisikilize vizuri hapa, kwa sababu najua wenzako watakushauri vingine. Jani lile linamfunga aliyekosewa. Ukimwekea isale mkononi kabla hajakasirika, umemnyang'anya hasira yake kama ulivyomnyang'anya ukweli, na kwa mila atalazimika kusema yameisha wakati kwake ndiyo kwanza yanaanza. Nenda mikono mitupu. Mwambie, "Mama, Kalisti hakulala. Aligonga, akagonga tena, na nilisikia, nikaongeza redio. Mbege yako haikuhusika." Kisha nyamaza. Usimtajie ukungu, usimtajie fundi wa Mawenzi. Akikufukuza, ondoka. Akikupiga, pigwa. Akiuliza mwanawe aligonga vipi, mgongee mezani kama alivyogonga, asikie.

Siku atakayokuita yeye mwenyewe, hata ikichukua mwaka, ndipo uende na mzee wa ukoo na isale lako. Asipokuita, utaishi bila msamaha na ndizi zake utaendelea kuzishusha, kwa sababu hilo bado ni jukumu lako. Kwa trafiki rudi ukaandike upya maelezo yako, na litakalofuata lifuate. Na baada ya misa ya Jumapili, mwombe padri dakika mbili, uwaambie waumini, kwa sababu uongo wako ulipita kwenye midomo hiyohiyo.

Mtu wa Bomang'ombe mwambie asubiri. Fremu usiitupe, ni kazi nzuri na itamwokoa mtu. Vuta waya mpya, weka mpira kila tundu, funga waya wa ethi, wa kurudishia umeme, peke yake mpaka kwenye chesisi chini ya gari badala ya kuitegemea rangi na nati, na balbu irudishe mahali pake. Kitufe kile ni cha lazima, usikiondoe eti kinakutisha.

Mpaka hayo yaishe utaendelea kupita mteremko ule. Taa ikiwaka, au bati likigongwa, mkono wako usiende kwenye redio. Simama. Vuta breki ya mkono, shuka, zunguka nyuma, shika kamba uivute uone kama imekaza. Fanya hivyo hata siku ambayo hukubeba kitu.