Ukungu wa Mahindi ya Bibi

Jumatatu, 9 Juni
Maktaba tena. Dada Rehema, mkutubi, anatufundisha sisi tuliomaliza kidato cha sita namna ya kutafuta habari. Leo: usiamini ukurasa kabla hujaujua. Nani kaandika? Lini? Nani mwingine kasema hivyo? Akauliza swali, jibu nilikuwa nalo. Sikunyoosha mkono. Kama kawaida yangu.

Jioni mdogo wangu Mage kapiga simu. Anakaa na Bibi, Kongwa. Mvua ya mwisho iliyakuta mahindi uani hayajakauka. Sasa yana ukungu wa kijani.

Jumanne, 10 Juni
Mjomba katuma ujumbe kwenye kundi la ukoo. "Mahindi yenye ukungu yalowekwe kwenye maji ya chumvi na ndimu, yaanikwe, yasagwe. Salama kabisa. Daktari bingwa." Na picha ya mtu mwenye koti jeupe. Juu yake: umesambazwa mara nyingi. Mama wadogo wote wameshukuru. Mage kamsomea Bibi. Bibi keshanunua ndimu.

Jumatano, 11 Juni
Nimetafuta "ukungu" kwenye kompyuta ya maktaba. Ikaja hali ya hewa. Ukungu mzito milimani, madereva wawe makini. Nikaendelea kusoma ukungu wa barabarani mpaka Dada Rehema akachungulia.

"Wewe unatafuta mahindi au unasafiri? Andika kuvu."

Kuvu. Likaja neno sumukuvu. Kurasa zenye majina ya waandishi na tarehe, za watu wasiojuana, zote zinasema kitu kimoja. Sumu yake haiishi kwa kuosha. Haiishi kwa kupika. Inaharibu ini. Kisha nikatafuta picha ya daktari bingwa. Yuko kwenye tangazo la dawa ya meno, nchi nyingine, jina jingine.



Alhamisi, 12 Juni
Nimeandika kwenye kundi. Nimefuta. Naishi kwa Mjomba hapa mjini, Area D, ndiye aliyenisomesha. Nitamwambiaje amekosea mbele ya dada zake? Nikaandika tena. Nikafuta.

Mage anasema mahindi yamekauka na yananukia ndimu. Kesho yanakwenda mashineni.

Najichukia.

Ijumaa, 13 Juni
Nimetuma asubuhi. Mjomba kajibu hapo hapo: "Msomi wetu huyo! Sisi tumekula hayo hayo tangu utoto, mbona tupo?" Mama wadogo wakajaza vicheko.

Nililia chooni. Halafu nikampigia Bibi mwenyewe. Shikamoo, na yote kwa pumzi moja.

"Kuku wangu wawili wamekufa," akasema. "Niliwapa punje zile mbaya. Nikadhani kideri, ule ugonjwa wa kuku."

Mashineni hawaendi. Hawatayala. Nimefurahi.

Jumapili, 15 Juni
Mage kapiga, ana raha. Wanakula ugali wa uwele. Nikauliza, mahindi mmeyafukia?

"Ayafukie, Bibi huyu? Dalali wa soko la nafaka la Kibaigwa kapita na lori, kabeba yote. Kasema yananukia vizuri!"

Jina la dalali hawalijui. Namba yake hawana.

Nilimwambia Bibi asiyale. Sikumwambia asiyauze.

Jumanne, 17 Juni
Nimeandika tena kwenye kundi: mahindi ya Bibi yameuzwa, nani anamjua dalali? Hakuna aliyejibu. Dada Rehema kaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana.

Jumamosi, 21 Juni
Unga umekwisha, mke wa Mjomba kaleta mfuko mpya kutoka dukani. Umeandikwa sembe safi, daraja la kwanza. Nimeugeuza pande zote. Hausemi mahindi yalitoka wapi. Hausemi yalisagwa lini. Nikamwuliza mke wa Mjomba, akasema ya dukani ni ya dukani.

Mchana Mjomba alinisogezea sahani. "Kula, msomi." Safari hii hakucheka. Alisema kwa upole tu.

Nilinawa. Nikamega tonge, nikalinusa nikitafuta harufu ya ndimu.

Sikuisikia. Hilo halithibitishi kitu.